Apambane au ajisahaulishe? Mwanafunzi na msongo wa mawazo wakati wa janga

Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, na ndani ya wiki chache, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa wamefungiwa madarasa. Ushauri waliopewa wengi ulikuwa ni ule ule: jipangie ratiba, amka mapema, soma kama kawaida.

Si ushauri mbaya. Siku isiyo na kengele wala mwalimu hupotea hivi hivi, na anayemaliza hata zoezi moja hulala akijua kuna kitu alichokiweza. Tatizo ni pale ratiba inapofanywa ndiyo dawa pekee, na kila anayejiliwaza akaonekana mvivu.

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walieleza njia mbili za kukabiliana na msongo: kulishughulikia tatizo lenyewe, au kutuliza hisia linazoziamsha. Hawakusema moja ni ya mashujaa na nyingine ya waoga. Swali ni je, jambo lenyewe liko ndani ya uwezo wako? Insha iko ndani ya uwezo wako. Virusi, na tarehe ya kufungua shule, haviko.

Mchukulie mwanafunzi anayechungulia tovuti ya shule kila baada ya dakika kumi kuona kama ratiba ya mtihani imetoka. Ukimtazama utasema anajibidiisha, kumbe anajichosha tu. Mwenzake anacheza gemu usiku na marafiki, wanataniana na kucheka. Wazazi wanakunja uso, lakini huenda hizo ndizo saa mbili pekee alizosikia sauti za rika lake siku nzima. Kati ya hao wawili, mimi namhofia zaidi wa kwanza.

Hata hivyo, kujisahaulisha kuna gharama, na watetezi wake hupenda kuiruka. Anayeikwepa kazi wiki ya kwanza kwa sababu moyo umechoka, wiki ya tatu anaikwepa kwa sababu imekuwa mlima. Usingizi unageuka, mchana unakuwa usiku, na kamera ya darasa la mtandaoni haiwashwi tena. Burudani inayomrudisha mtu kwenye daftari akiwa na nguvu kidogo ni pumziko. Ile inayomfanya aogope hata kulifungua imeshakuwa sehemu ya tatizo, na hapo anahitaji mtu wa kuzungumza naye, si ratiba mpya.

Kinachokera katika mjadala huu ni kwamba mzigo wote anatwishwa mwanafunzi. Shule isiyosema kama mtihani upo au haupo inazalisha wasiwasi, kisha inamtaka awe mvumilivu. Walimu watajibu kwamba nao hawakujua lolote, na ni kweli. Lakini walikuwa na uwezo wa kusema ni siku gani uamuzi utatolewa, na mpaka siku hiyo ifike, asiwepo wa kuuliza.