Kilo sita za dagaa na mkia wa ndege

"Ndugu yangu, ndege imeondoka na nafasi. Nimeiona kwa macho yangu. Maboksi yangu mawili yamebaki chini." Mama mmoja muuza dagaa aliniambia hivyo kwenye kibanda cha chai hapa Kigoma, na benchi zima likaitikia. Kila mmoja alikuwa na kisa chake. Yupo ambaye migebuka yake ililala uwanjani hadi kesho yake, mwingine dumu lake la mawese lilikataliwa kabisa, na kijana mmoja alirudishwa mizanini mara ya pili wakati abiria wameshaketi. Hukumu ikatoka pale pale: vijana wanaopakia mizigo uwanjani wanaringa, na mtu asiye na pa kusemea ndiye anayeachiwa mzigo.

Uchungu huo naujua. Boksi langu la dagaa wa harusi ya mdogo wangu liliwahi kuachwa, nami nikaligundua hilo nikiwa Dar es Salaam, nimesimama mbele ya mkanda wa mizigo unaozunguka mtupu. Hakuna aliyenipigia simu. Na wapo wenye haki kubwa kuliko yangu. Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika husafirishwa wakiwa hai, ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni. Mfuko ule una saa zake. Ukikosa ndege ya leo, na ile ya kuunganisha kwenda Ulaya ikaondoka bila wewe, utakachopokea ni mifuko ya samaki waliokufa.

Kwa hiyo sisemi mfanyabiashara analalamika bure. Nasema analalamikia mtu asiye sahihi, na neno "nafasi" ndilo linalompotosha.

Ndege hujaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa macho. Kigoma iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, Tabora karibu 1,200. Jua la saa nane mchana likishawaka, hewa inakuwa nyepesi, mabawa yanapata pa kushika padogo na injini zinapungua nguvu. Uzito ambao ndege ingeruka nao alfajiri kule pwani unaweza kuwa mwingi mno huku kwetu mchana. Chumba cha mizigo kitaonekana nusu tupu na bado ndege imeshiba.

Halafu kuna suala la mahali mzigo unapokaa. Hili watu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa. Nenda Kibirizi asubuhi utazame boti zikipakiwa. Nahodha anasimama na kuelekeza: hili mbele, haya mawili katikati, lile litoe huko nyuma. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikianza kuzama anahamisha magunia, na abiria wanasubiri kimya bila kumwita mringaji. Mama yule yule wa dagaa asingekubali kupanda boti iliyoinua omo, yaani mbele yake, juu. Uwanja wa ndege una kanuni ile ile, ila tezi yake haina maji ya kukuonyesha kwamba imezama. Kilo 100 zikisogezwa mita 5 kuelekea mkiani zina athari sawa na kilo 500 zilizosogezwa mita 1. Rubani hazioni. Anachokiona ni karatasi ya mizigo, na kwa karatasi hiyo ndiyo anatega mkia wa ndege kabla ya kuruka. Karatasi ikidanganya, atajua magurudumu yakishaachana na ardhi.

Benchi liliniuliza swali moja ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria: "Kilo sita tu zilizozidi kwenye boksi zitaangusha ndege?"

Tarehe 8 Januari 2003, mjini Charlotte, Marekani, ndege ya Air Midwest aina ya Beechcraft 1900D, yenye viti 19 vya abiria, ilianguka mara tu baada ya kuruka. Wote 21 waliokuwemo walikufa. Kwenye karatasi, uzito ulikuwa ndani ya kikomo. Lakini karatasi ile ilijazwa kwa wastani ulioruhusiwa wakati huo, kilo kadhaa kwa kila abiria na kadhaa kwa kila begi, na watu wa kweli na mabegi ya kweli walikuwa wazito kuliko wastani huo. Kwa hiyo ndege ilizidi uzito, na uzito ukaelemea mkiani. Hakuna begi hata moja ambalo ungelishika useme hili ndilo lililoua. Zilikuwa kilo chache hapa na chache pale.

Na kuna jambo zito zaidi. Siku chache kabla ya ajali, mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha waya wa usukani wa mkia, kiasi kwamba rubani hakuweza kuishusha pua ipasavyo. Hilo ni kosa kubwa, na ni lao. Lakini baada ya matengenezo hayo ndege iliruka safari kadhaa ikatua salama, kwa sababu ilikuwa haijaelemewa namna ile. Hapo ndipo jibu la benchi lilipo. Ile nafasi tunayoiona ikiondoka tupu inatumika. Imetunzwa kwa ajili ya kosa la mtu mwingine ambalo leo hakuna anayelijua. Kijana anapokataa kilo sita zako, hatoi hukumu juu ya boksi lako. Analinda akiba ambayo huenda mtu mwingine ameshaila bila kusema.

Tena sisi tumezoea lumbesa. Gunia linashonewa kilemba juu na mnunuzi analipa bei ile ile, na vita vya serikali dhidi yake havijaisha masokoni. Mazoea hayo yanatufuata hadi uwanjani. Boksi limeandikwa 25 kwa kalamu nene, mizani inasema 31. Barabarani lumbesa inamuumiza mkulima. Angani inaingia kwenye hesabu za rubani.

Wapakiaji wenyewe tunawasahau kabisa. Mashirika mengi ya ndege yameweka kilo 32 kuwa mwisho wa furushi moja, na sababu kubwa ni mgongo wa binadamu, maana kwenye tumbo la ndege ndogo kijana anabeba akiwa amepiga magoti. Anatakiwa asubiri injini izimwe, pangaboi lisimame, taa nyekundu inayomulika izime na vizuizi viwekwe kwenye magurudumu, ndipo asogee. Wewe nje unaona mtu anazubaa. Kwenye kushusha, kanuni ya kawaida ni kuanza na mzigo wa nyuma, kwa sababu ukiondoa wa mbele huku nyuma kumejaa, ndege inaweza kukalia mkia. Ndiyo maana unaliona boksi lako karibu kabisa na bado hupewi. Kukataa dagaa wa chumvi wanaochuruzika nako kuna sababu yake: maji ya chumvi yanakula alumini ya sakafu ya ndege pole pole, bila kelele.

Kufunga mzigo nako si urembo. Tarehe 29 Aprili 2013, kule Bagram, Afghanistan, Boeing 747 ya mizigo iliruka na magari 5 ya kivita. Angalau moja likachomoka kwenye mikanda, likarudi nyuma na kuharibu mitambo ya mkia. Wafanyakazi 7 wakafa wote.

Niko upande wa wapakiaji, na sitaki kujificha. Lakini usahihi wao haufuti deni tunalodai sisi wateja. Mtu aliyelipia mzigo ana haki ya kuona mizani inasoma nini. Mara nyingi kioo kimemwelekea karani, mteja anatajiwa namba tu, na hapo ndipo tuhuma ya rushwa inapozaliwa hata pasipo na rushwa. Ana haki ya kuambiwa mapema kwamba safari za mchana hubeba pungufu, ili mwenye samaki hai achague ya asubuhi kama ipo. Na mzigo ukiachwa, namba ya simu imeandikwa juu ya boksi. Simu hiyo ipigwe kabla mlango wa ndege haujafungwa, wakati mama bado yuko nje ya uzio na anaweza kurudi na dagaa wake kwenye barafu.