Msiseme hatupendi vya kale: Jinja yetu na Stamford ninapoishi sasa

Kuna maneno nayasikia sana kwa watu wetu waliotoka nje, mtu akifika Ulaya akaona mitaa ya zamani imetunzwa anaanza kusema sisi Waafrika hatuna haja na vya kale, tunajua kubomoa tu. Mimi hiyo naikataa kabisa. Nimekulia Jinja, Uganda, kwenye vyumba vya uani nyuma ya Main Street, na sasa nakaa Stamford huku Uingereza, mji mdogo wa Lincolnshire, fleti juu ya duka karibu na katikati ya mji.

Stamford ni mzuri jamani, siwezi kukataa. Nyumba nyingi za mawe, paa za vigae vya mawe vya Collyweston, makanisa yamesimama tangu mamia ya miaka. Lakini haikubaki hivyo eti kwa sababu Wazungu wana moyo wa pekee. Ni sheria. Mwaka 1967 walipitisha sheria ya maeneo ya kuhifadhi majengo ya kale na Stamford ukawa mji wa kwanza England kutangazwa, leo majengo zaidi ya 600 yako kwenye orodha ya serikali, na ukigeuza sura ya nyumba kama hiyo bila kibali ni kosa la jinai, unapelekwa kotini. Dirisha langu ni la mbao na kioo kimoja chembamba, mwezi wa kwanza baridi inapita kama hakuna kitu, na mwenye nyumba hawezi tu kuamka akaweka madirisha ya plastiki. Na hata wao wana mambo yasiyoeleweka, ukikarabati nyumba ya zamani unalipishwa VAT asilimia 20 lakini ukijenga nyumba mpya ya kuishi hiyo VAT ni sifuri.

Sasa rudi Jinja. Zile nyumba za Main Street na Iganga Road zilijengwa na Wahindi, nyingi zimechorwa jina la mwenyewe na mwaka juu kabisa kwenye saruji, mbele baraza ya nguzo ya kupita watu mvua isiwapate, chini duka, juu familia, nyuma uani. Halafu 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 watoke. Nyumba zikaingia mikononi mwa serikali, zikawekewa bodi ya kuzisimamia, watu wakagawiwa, wakapangishwa. Sheria ya kuwarudishia wenyewe ilikuja 1982 na wengi walirudi kudai miaka ya 90. Hebu fikiria miaka yote hiyo, mpangaji unakaa nyumba hujui kesho ni ya nani, utaweka pesa yako kwenye paa? Mabati yanavuja unaweka beseni. Aliyerudishiwa naye wengine wako London au Toronto, nyumba anaiona kwa broka, akija mtu na pesa ya kujenga arkedi, jengo jipya la maduka, anauza. Hapo ndipo nyumba zinapofia, kwenye hati na kesi za umiliki, na mtu anasema eti ni utamaduni wetu mbovu.

Tena kuna kitu Jinja inacho na Stamford hauna. Huku saa kumi na moja jioni maduka yamefungwa, mtaa ni mzuri na hakuna mtu, na nyumba za katikati zimepanda bei mpaka kijana aliyezaliwa hapa hawezi kununua anaenda kutafuta mbali. Kwetu baraza ile ile ya mwaka 1930 na kitu ina fundi wa cherehani, ina mama wa ndizi, jioni ina muuza roleksi, ile chapati ya mayai, na boda wanasubiri abiria, na uani tulikuwa Wasoga, Wajaluo, Wagisu, Wanubi, ndio maana mimi nimekua na Kiswahili mdomoni kabla ya Kiingereza. Nyumba ya zamani yenye watu hivyo bado inafanya kazi iliyojengewa, hiyo si ndogo.

Kwa hiyo mimi sitaki tuige Stamford wote, nataka ile sheria yenye meno. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda walishazunguka Kampala, Entebbe na Jinja wakaorodhesha majengo ya kihistoria, kazi ya kutafuta majina imeanza zamani. Jiji lichukue orodha kama hiyo liifanye ya lazima, mwenye nyumba akitunza baraza na uso wa mbele apunguziwe kodi ya jengo, nyuma aruhusiwe kujenga hata ghorofa akitaka, manake mtu lazima ale. Na mpangaji apewe mkataba wa miaka mingi ulioandikwa, aone faida ya kubadilisha bati moja. Kibali cha kubomoa kisitoke mpaka wale wa uani nao wameitwa wakasikilizwa, sio mwenye hati na broka peke yao.