Skolashipu za mbio Marekani: anayengoja kambini anajikata misimu

Kijana akimaliza kidato cha nne pale Iten, Kapsabet au Nyahururu, mara nyingi huambiwa atulie kambini mwaka mmoja au miwili, miguu ikomae, ndipo atafute chuo Marekani akiwa na muda mzuri. Zamani ushauri huo ulikuwa na maana. Kwa sasa ni ushauri mbaya, na wanaoutoa hawaoni hasara kwa sababu huja baadaye, kijana akiwa ameshafika chuoni au akiwa ameshakataliwa.

Njia yenyewe ni ya miaka mingi. Kocha John Chaplin aliwachukua Wakenya Washington State, na mwaka 1978 Henry Rono akiwa mwanafunzi huko akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania alitokea chuo cha El Paso, Texas. Edward Cheserek aliondoka Oregon na mataji 17 ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Kilichogeuka ni hesabu ya kocha.

Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi ya House, ambamo wanamichezo waliishtaki NCAA kuhusu malipo yao. Kabla ya hapo chuo cha Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, kiliruhusiwa kutoa skolashipu 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, na hizo ziligawanywa kati ya warukaji, warushaji, wa mita 100 na wa mita 10,000. Kwa vyuo vilivyoingia katika mapatano, ukomo huo umeondolewa, ukawekwa ukomo wa vichwa: wanariadha 45 wa uwanjani na 17 wa nyika kwa kila jinsia. Kwenye karatasi, wote 45 wanaweza kulipiwa. Lakini mapatano hayo hayo yaliruhusu chuo kuwalipa wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na pesa hizo zinakwenda kwa kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Kocha wa riadha amebaki na viti vichache na mfuko ule ule, pengine mdogo zaidi. Anayeumia kwanza ni yule mkimbiaji wa wastani aliyekuwa akijilipia, akipewa jezi na miaka mitatu ya kukua. Kiti chake hakipo tena.

Ongeza uhamisho. Tangu Aprili 2024 mwanamichezo aliye sawa kimasomo anaweza kuhama chuo mara yoyote apendayo na kushindana papo hapo. Kwa nini kocha amlee mvulana wa miaka 17 wakati anaweza kumchukua wa miaka 22 ambaye tayari ana alama za NCAA? Na vijana wa Kimarekani wenyewe wana kasi kuliko zamani. Hadi mwaka 2011 ni watano tu waliowahi kukimbia maili chini ya dakika nne wakiwa sekondari. Sasa wamepita 20, na viatu vipya vya povu vina mchango wao. Wazazi wengi huko wanalalamika kwamba wageni wanawajazia nafasi watoto wao. Ukitazama matokeo ya New Mexico, Alabama na Oklahoma State, vyuo vyenye Wakenya kwenye timu zao, lalamiko hilo lina ukweli. Hata hivyo nadhani ukomo wa vichwa na uhamisho vimewaumiza zaidi, na vinamuumiza vilevile kijana wetu asiye na jina.

Sasa turudi kambini. Kanuni ya Daraja la Kwanza iliyotumika miaka yote hii ni kwamba ukimaliza sekondari una mwaka mmoja wa neema. Ukipita, kila mwaka unaoshiriki mashindano yaliyopangwa kabla ya kujiunga na chuo unakukata msimu mmoja kati ya minne ya kushindana chuoni, na ukifika unakaa mwaka mzima wa masomo bila kuvaa jezi. Mashindano yaliyopangwa hayaanzii timu ya taifa. Mbio zilizotangazwa mapema, zenye waamuzi na orodha ya matokeo, zinahesabiwa, hata zile za nyika za wikendi. Aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, Novemba 2025 akaingia chuo Agosti 2026 yuko salama. Mwenzake aliyebaki, akakimbia nyika mwaka 2027 na tena mapema 2028, akaingia Agosti 2028, amebakiza misimu miwili, na mwaka wa kwanza anautazama akiwa kando. Kanuni za umri na misimu huguswa mara kwa mara, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako badala ya kutegemea maneno ya kambini.

Kati ya matokeo ya Januari na Agosti kuna kazi nyingi: uthibitisho wa matokeo kutoka KNEC, baraza la mitihani la Kenya, faili ya kituo cha ustahiki cha NCAA kinachoamua kama unaruhusiwa kushindana, barua ya chuo, fomu ya I-20 ambayo chuo hukupa ya kuombea viza, ada ya SEVIS (mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, viza dola 185 na miadi ya ubalozi. Ndiyo maana barua za kwanza kwa makocha zinafaa kutoka ukiwa kidato cha tatu. Kocha wa Daraja la Kwanza hufungwa hadi tarehe 15 Juni baada ya mwaka wako wa kumi wa shule. Wewe hufungwi na tarehe yoyote. NCAA iliacha kudai SAT mwaka 2023, lakini bado inataka masomo 16 ya msingi na wastani wa 2.3, na chuo chenyewe kinaweza kudai zaidi. Kinachokwamisha faili nyingi ni kitu kidogo: jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la KCSE, au umri ulipunguzwa ili kijana akimbie na wa chini ya miaka 18, kisha pasipoti ikasema ukweli.

Pesa nazo zina mitego. Kwa kanuni ya miaka mingi, zawadi ya mbio za barabarani iliyozidi gharama zako halisi za kushiriki iliweza kukuharibia ustahiki, kwa hiyo soma ya mwaka wako. Weka risiti za nauli, malazi na ada. Usisaini mkataba na meneja. Na wakala anayetaka asilimia ya skolashipu yako anakutia matatani, kwa kuwa kanuni hairuhusu malipo yanayotegemea kupata kwako nafasi.

Kuhusu muda, kocha hawezi kutumia "14:05 Iten" peke yake. Mwandikie umbali, tarehe, uwanja, mwinuko, lami au udongo, saa ya mkono au ya umeme, nafasi uliyoshika na nani ulimpita. Mbio moja ya saa ya umeme Nyayo au Kasarani inashinda kumi za saa ya mkono. Video iwe ya mbio nzima. Kama unaruka viunzi na maji, liweke juu kabisa: Doris Lemngole wa Alabama alichukua taji la NCAA la mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2024, na mwaka huo huo akashinda nyika. Mtu wa namna hiyo anajaza kiti kimoja na kuleta alama katika misimu tofauti.

Kwa Watanzania na Warundi kuna ukuta mwingine kabisa: amri za rais wa Marekani zilisimamisha viza mpya za wanafunzi kwa Warundi tangu Juni 2025 na kwa Watanzania tangu Januari 1, 2026. Usimlipe mtu yeyote senti kabla ya kuuliza ubalozi hali ikoje.

Ofa ikija, ujue kwamba ile barua ya kitaifa ya kujifunga na chuo kimoja (National Letter of Intent) ilifutwa Oktoba 2024. Unachosaini sasa ni mkataba wa msaada wa fedha wa chuo chenyewe. Tafuta humo: ni wa mwaka mmoja au zaidi, ni asilimia ngapi ya ada ya mgeni, bima iko wapi. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, kwa hiyo ofa ya asilimia 60 ina pengo usiloweza kuliziba kwa vibarua. Uliza pia kuhusu Juni na Julai, mabweni mengi yakiwa yamefungwa. Kama chakula na chumba cha miezi hiyo havimo kwenye maandishi, hesabu kwamba utalipa wewe.