Leseni kwanza, msimbo baadaye

Mtu akipendekeza maktaba mpya, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, iingizwe kwenye programu huria, maswali huwa yale yale: ina kasi gani, ina uzito gani, imependwa na wangapi (nyota) kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Leseni huangaliwa mwisho, kama itaangaliwa. Mimi huanza nayo, na anayeona nazidisha akumbuke yaliyoikuta WordPress, programu huria ya kujengea tovuti, mwaka 2017.

Wakati huo walikuwa wakijenga Gutenberg, kihariri kipya, juu ya React, maktaba ya Facebook ya kujengea kurasa. Leseni ya React ilikuwa BSD, leseni huria ya kawaida kabisa, ila ubavuni mwake palikuwa na faili lililoitwa PATENTS: ukiishtaki Facebook kwa kesi ya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi), ruhusa yako ya kutumia hataza zake za React inakoma. Julai, Apache Software Foundation, shirika linalosimamia miradi mingi ya programu huria, ikaipiga marufuku leseni hiyo kwenye miradi yake. Katikati ya Septemba, Matt Mullenweg, mwanzilishi mwenza wa WordPress, akatangaza kuachana na React, hata kama Gutenberg ingechelewa. Yeye mwenyewe hakuiogopa sana leseni hiyo. Kilichomkwaza ni kwamba zaidi ya robo ya tovuti zote zingerithi sharti hilo bila kuulizwa. Ukioa, umeoa na ukoo.

Siku chache tu baadaye Facebook ikalegeza kamba, na React 16 ikatoka Septemba 26 kwa leseni ya MIT, isiyo na sharti lile la hataza. Gutenberg ikabaki na React, ikaingia rasmi katika WordPress 5.0 mwezi Desemba 2018.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa jumuiya. Sawa, lakini ni jumuiya ipi? Facebook ilikuwa inabanwa na vigogo. Mradi wa watu watatu wanaojitolea usiku baada ya kazi usingejibiwa hata barua pepe.

Ndiyo maana napenda walivyofanya ndani ya Gutenberg kwenyewe: kipande chembamba kiitwacho @wordpress/element kimekaa juu ya React, na programu-jalizi (nyongeza za WordPress) huita hicho badala ya kuigusa React moja kwa moja, ili siku React ikibidi kung'olewa kibadilishwe hicho tu. Wapo wanaokiona ni urasimu, na kweli ni msimbo mwingine wa kutunza. Kwa maktaba ndogo ya kupanga tarehe sijisumbui. Kuing'oa ni kazi ya jioni moja. Ile itakayogusa kila ukurasa nataka iwekewe tabaka hilo tangu siku ya kwanza, na aliyependekeza iingizwe aseme wazi kama ameisoma leseni yake yote, pamoja na mafaili yaliyo pembeni.