Mtoto wa Newala naye aandikwe

Mwanangu anasoma shule ya umma ya mtandaoni hapa Ohio, Marekani. Ada hakuna, jimbo ndilo linalolipa, kwa kufuata idadi ya walioandikishwa.

Juzi nilikaa na takwimu za shule hiyo. Shule ni ndogo, lakini kila mtoto kaandikwa: wangapi kila darasa, weusi, weupe, wa familia zenye kipato kidogo, wenye ulemavu, wasiozungumza Kiingereza nyumbani. Kwenye mstari wa weusi hapakuwa na namba, palikuwa na kinyota. Kundi lisipofika watoto 10, idadi hufichwa ili mtoto asitambulike. Nilikitazama kile kinyota, mwanangu yumo humo, machozi yakanitoka. Nilimkumbuka binti wa dada yangu kule Newala, mkoani Mtwara, Tanzania.

Alikuwa darasa la sita. Korosho zilipoanza kudondoka familia ikahamia shambani, na yeye akawa anaokota na kutenganisha korosho na mabibo mpaka vidole vinanata. Mwalimu akaandika utoro, siku baada ya siku, mwisho jina likapigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Angekuwa huku, angesomea kulekule shambani na angebaki kwenye orodha.

Sisemi ya huku yote mazuri. Mwanangu hazijui hata sura za wenzake, kamera zimefungwa kutwa. Sitaki watoto wa Mtwara wanyimwe kucheza rede na wenzao ili wakodolee kioo.

Ila wapo ambao darasa la matofali haliwafikii: watoto wa wavuvi wanaofuata wazazi dago, yaani kambi za muda za uvuvi, huko Kilwa, na mabinti waliojifungua, ambao tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shule lakini hawana wa kumwachia mtoto. Hao nawaombea shule moja ndogo ya Serikali, yenye walimu wake na daftari lake, masomo yapakuliwe mara moja bando likiwepo. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 si walishapewa walimu? Tumeanza na vifaa, tumesahau kuandikisha wanafunzi.

Wiki iliyopita yule binti alinitumia ujumbe wa sauti: "Mama mkubwa, hiyo shule ya kaka inapokea mtu wa Newala?" Nikamjibu haipokei, ni ya wakazi wa jimbo tu. Akasema, "Haya, shikamoo," akakaa kimya.