Kamati ya utafiti isiishie kwenye kibali

Katika vitivo vingi vya vyuo vikuu, kamati ya utafiti ina kazi mbili. Kwa upande mmoja hugawa ruzuku ndogo za kuanzia, husoma maandiko ya miradi kabla hayajapelekwa kwa wafadhili, na humsaidia mhadhiri mchanga kupata mwenzake mzoefu wa kumwongoza. Kwa upande mwingine hukagua: wahojiwa wameelezwa wanachokikubali? Fedha zimetumika kama zilivyoombwa? Mtafiti ana maslahi yoyote katika kampuni anayoichunguza?

Wapo wanaotaka kazi hizi mbili zitenganishwe kabisa, na hoja yao ni nzito. Kitivo hupimwa kwa machapisho na ruzuku, kwa hiyo kila mjumbe ana sababu ya kutamani miradi ipite. Isitoshe, mtafiti anayekaguliwa leo ndiye atakayekaa mezani mwakani kuipitia kazi ya aliyemkagua. Katika hali hiyo watu huoneana haya.

Historia inawaunga mkono. Mwaka 1969, nchini Marekani, liliitishwa jopo la wataalamu kuutathmini utafiti wa Tuskegee, ambao tangu 1932 ulikuwa ukiwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 penisilini ilikuwa tayari ndiyo tiba inayotumika, lakini wanaume hao hawakupewa. Jopo lilikaa, likajadili, likaamua utafiti uendelee. Haukusimama hadi 1972, habari zilipovuja kwa waandishi. Ni kweli jopo lile halikuwa la chuo, lakini linaonyesha kwamba watu wa fani moja wanaweza kufuata utaratibu wote wa kikao na bado wakabariki ukatili. Ndiyo maana kanuni za Marekani zilizofuata zinadai kamati ya maadili iwe na wajumbe wasiopungua watano, akiwamo angalau mmoja ambaye si mwanasayansi na mmoja asiye na uhusiano wowote na taasisi. Mjumbe wa namna hiyo ndiye mwenye nafasi ya kuuliza swali ambalo wengine wameshazoea kutoliuliza.

Hata hivyo, ukaguzi ukitengwa na msaada, nao huharibika kwa njia yake. Hugeuka kazi ya makaratasi. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuzungumza na walimu kuhusu ratiba zao hupewa fomu ileile ya daktari anayetaka kuchukua damu ya watoto wachanga. Akifika kwenye swali la namna sampuli zitakavyohifadhiwa, anaandika “haihusiki”. Swali linalofuata, “haihusiki” tena. Fomu inarudishwa kwa sababu ukurasa mmoja haukutiwa saini, muhula unakatika, na hakuna aliyemwambia kwamba maswali yake ya usaili yanawaelekeza walimu kwenye jibu analolitaka yeye. Marekani wenyewe walipunguza mzigo huu: kanuni zilizorekebishwa, zilizoanza kutumika Januari 2019, ziliondoa mapitio ya kila mwaka kwa tafiti nyingi zenye hatari ndogo.

Kwa maoni yangu, pengo kubwa zaidi liko baada ya kibali kutolewa, na pande zote mbili hulizungumzia kidogo mno. Tazama kisa cha Diederik Stapel, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, aliyekuwa pia mkuu wa kitivo chake. Kwa miaka mingi alibuni data, nyingine akawakabidhi wanafunzi wake wa uzamivu zikiwa tayari, akidai zimekusanywa kwenye shule. Waliomfichua mwaka 2011 walikuwa watafiti vijana, watu wenye mengi ya kupoteza. Makala zake zaidi ya 50 zimefutwa.

Andiko zuri la mradi lisingemzuia. Ambacho kingemtia mashakani ni mtu wa kumuuliza: data ghafi ziko wapi, na ni shule gani hizo? Swali kama hilo humjia kwa urahisi mtu aliyeko karibu na kazi. Kamati inayomsaidia mtafiti kupanga na kuhifadhi data zake huziona tangu mwanzo, bila kumvizia mtu. Hapo msaada na usimamizi ni kitu kimoja, na kuvitenganisha ni hasara.

Kwa hiyo uamuzi wa maadili ubaki kwa chombo chenye watu wa nje, kisichogawa hata senti. Kamati ya kitivo nayo ipewe jukumu la kuufuata mradi hadi mwisho: ikutane na watafiti kazi ikiwa katikati, itunze nakala ya data ghafi, na iwape wanafunzi mtu wa kumweleza mashaka yao bila kupitia kwa msimamizi wao. Kuna gharama. Kusoma kwa makini andiko la kurasa 40 kunameza siku nzima, na wajumbe wengi hufanya hivyo juu ya mzigo wao wa kawaida wa kufundisha. Kitivo kinachotaka kazi hii ifanyike kiwapunguzie vipindi.