Tumbawe jeupe halijafa, lina njaa

Mwezi wa nne mwaka 2024, nahodha aliyetuvusha kutoka Kunduchi kwenda Mbudya alizima mashine juu ya mwamba, akachungulia majini. "Haya yameshakufa, kaka. Yamekuwa chaki." Bahari ilikuwa shwari, na kweli chini palikuwa peupe kama pamemwagwa chokaa. Nikavaa miwani, nikazama. Kwa karibu, lile jeupe lilikuwa bado na ngozi, nyororo na angavu kama ute wa yai. Nilipopanda nikamwambia yako hai. Hakuniamini.

Hayuko peke yake, na hoja yake ina mguu wa pili: kama joto la bahari linaloyapausha matumbawe linatokana na moshi wa dunia nzima, kwa nini mvuvi wa Kunduchi azuiwe kutega Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyotengwa kuwa hifadhi tangu 1975?

Tuanze na huo weupe. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya ngozi yake huishi vimwani visivyoonekana kwa macho, mamilioni katika eneo la ukucha wa kidole gumba. Ni wapangaji. Mwenye nyumba anawapa hifadhi na mabaki ya chakula chake. Wao wanatengeneza sukari kwa jua na kulipa kodi, ambayo yaweza kufika asilimia 90 ya nguvu zote anazotumia. Rangi ya kahawia tunayoiona ni yao. Maji yakizidi joto lililozoeleka la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, kwa wiki kadhaa, mitambo yao ya kunasa jua inaharibika na kuanza kutoa oksijeni yenye sumu. Tumbawe linawatimua. Kinachobaki ni ngozi isiyo na rangi juu ya mifupa ya chokaa.

Wanaosema ulinzi wetu ni kazi bure hawabahatishi. Mwaka 1998 joto liliua matumbawe mengi ya Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1995. Mwaka 2016, kwenye mwamba mkubwa wa Australia, watafiti waliona kwamba maji safi na marufuku ya uvuvi havikupunguza kupauka kwa kiasi cha kujivunia. Joto halisomi kibao cha hifadhi. Hilo nalikubali.

Lakini kupauka ni jambo moja, na kufa ni jingine. Kati yake kuna wiki chache za njaa, na hizo ndizo zinazoninyima usingizi. Tumbawe lisilo na wapangaji linaishi kwa akiba ya mafuta mwilini na vidudu linavyonasa kwa minyiri yake. Maji yakipoa mapema, vimwani vichache vilivyosalia huzaliana na rangi hurudi. Sasa tazama kalenda ya Dar es Salaam: bahari huwa na joto kali kuelekea mwezi wa tatu na wa nne, na hapo hapo masika yanaanza. Mto Msimbazi unashuka na matope, na uswahilini watu wanatapisha vyoo kwenye mafuriko, maana nyumba nyingi zinategemea vyoo vya shimo na makaro. Mgonjwa hajala, nasi tunamletea hayo.

Kinyesi kina naitrojeni nyingi. Naitrojeni ikizidi huku fosforasi ikiwa haba, vimwani huzaana kupita kiasi na kudhoofu, na joto likija vinaharibika upesi zaidi. Ni mpangaji anayejaza ndugu chumbani kisha anasahau kodi. Atatokea wa kusema maji yenye ukungu kidogo hukinga jua kali, na ni kweli, miamba mingine imepona kwa sababu hiyo. Ila kivuli ni kitu kimoja, na matope yanayoifukia ngozi ni kitu kingine.

Wapo pia wanaotumaini mpangaji mpya. Kuna jamii ya vimwani, Durusdinium, inayoweza kulivumilisha tumbawe nyuzi 1 hadi 1.5 zaidi. Kodi yake ni ndogo, kwa hiyo tumbawe hukua polepole. Mimi ningempokea, huku nikijua hatalipa karo ya watoto.

Na hata sehemu iliyokufa inahitaji pono na tasi wa kuila mimea inayoota juu yake, la sivyo matumbawe machanga hayapati pa kushika. Ndiyo maana marufuku ya Mbudya bado ina kazi, hata kama haikuzuia weupe ule.

Mwezi wa nane nilirudi na nahodha yule yule. Tumbawe nililolitazama lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa upande wa chini, penye kivuli. Juu lilikuwa limeota manyoya ya kijani. Nikamweleza. Akawasha mashine.

"Kwa hiyo nusu umeshinda wewe," akasema, "nusu mimi."